Kiti cha Kushoto

Utelezi niliujua kabla sijaijua gereji. Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilipanda basi Masasi kuja Dar es Salaam. Ilikuwa masika, na barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa bado ya udongo. Mabonde ya Rufiji yakatumeza. Tulishuka tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena, tukala mihogo ya watu tusiowajua. Kila basi liliponasa, utingo alifungua vali za matairi ya nyuma akatoa upepo. Nilimuuliza kwa nini anazidi kuliharibu. Alinijibu bila kuniangalia: "Tairi likijaa linakanyaga kwa vidole. Likilegea linakanyaga kwa wayo mzima."

Nilifika Tandale kwa mjomba wangu, mpagazi wa sokoni, nikiwa na tope hadi kwenye nyusi na maneno hayo kichwani. Yamenilisha zaidi ya miaka ishirini.

Mjomba ndiye aliyenipeleka Temeke, kwenye gereji ya Mzee Nassor, Mwarabu wa palepale ambaye ukoo wake umeuza vipuri tangu kwa babu. Magari ya wateja yalikuwa biashara yake. Ugonjwa wake ulikuwa gari la mbio, gari dogo kuukuu linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wenye ugonjwa kama wake walikutana Jumapili kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, huko nyuma ya Mbagala, kushindana kukizunguka kwa kasi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Fundi Mkuu, Mngoni mmoja mfupi mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unajua kukaza nati?"

"Najua."

"Kila mtu anajua. Unajua kukaa kimya ukiogopa?"

Jumapili ndipo nilipomwelewa. Gereji ile ilikuwa na sheria moja, ya Mzee Nassor mwenyewe: aliyelifunga gari ndiye anayepanda. Kulifunga gari, kwa lugha yetu, ni kuliandaa lote kwa ajili ya udongo wa siku hiyo. Kabla ya kila shindano dereva alizunguka mara moja kwa kasi kamili, na aliyelifunga alikaa kiti cha kushoto. Ukilifunga vibaya, mwili wako ndio unaopata habari kwanza.

Vijana mnaoshika spana leo, niwaeleze kazi yenyewe. Asubuhi boza la maji lilimwagilia kiwanja, na udongo ukanata. Hapo gari linataka springi ngumu na tairi lililojaa. Lakini jua likipanda, na magari yakiwa yamepita na kupita, udongo ule hukauka, hushindiliwa, hung'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Tope utaliona kwa macho ukajihadhari. Kiwanja kilichong'aa kinafanana na barabara nzuri, kumbe kinateleza.

Fundi Mkuu alikisoma kwa ndala. Alikizunguka chote kwa miguu, taratibu, kichwa kainamisha. Ndala zikilia chapa chapa, udongo bado una maji. Zikinyamaza na kuanza kukutoroka, kiwanja kimeng'aa, rudi ukalegeze gari. Tulipunguza upepo matairi ya nyuma. Tulifungua stebilaiza, kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona, ili kila gurudumu litafute ardhi yake. Betri na tairi la akiba tulivisogeza nyuma, uzito ukae juu ya magurudumu yanayosukuma. Kisha unavaa helmeti, unakaa kushoto, unanyamaza.

Fundi Mkuu alipostaafu akarudi Songea, cheo kikawa changu, na ndala pia. Tukalipeleka gari Morogoro, Iringa, Arusha. Mie sijawahi kuwa mtu wa kukaa, na nakiri miaka ile ilinifaa: kila mji na udongo wake. Hadi leo nikipita mahali pageni huwa nakwaruza ardhi kwa kisigino.

Ila kiti kile kilikula kiuno changu. Mwishoni nilikuwa naamka nashika ukuta. Daktari aliniambia niache mitikisiko au nitaacha kutembea. Nikaenda kwa Mzee Nassor.

"Mzee, naomba nipumzike."

"Nani atalifunga? Khalid?" Khalid ni mwanawe, ndiye aliyekuwa dereva wakati huo. "Yule anajua kukanyaga mafuta tu. Nikuruhusu wewe, nimzike yeye? Pata mtu wa kusoma kiwanja, Masasi, kisha uende." Pale gereji jina langu lilikuwa Masasi.

Vijana niliowafundisha walijua spana. Kutembea kiwanja juani walikuwa wanaona ni uzee. Nikaendelea kupanda.

Jumapili ya mwisho Khalid alishinda raundi ya asubuhi. Mchana nilitembea, ndala zikanyamaza, nikalilegeza gari, nikaenda kunywa chai. Niliporudi matairi yalikuwa yamejaa na stebilaiza iko mahali pake.

"Asubuhi lilikuwa linaruka kama swala," Khalid alisema. "Wewe unalifanya godoro. Ingia, Anko, tuzunguke."

"Hili silo nililolifunga mie."

"Anko, usinidekee mbele za watu."

"Sipandi, bosi mdogo. Kiuno hiki kimebakiza ajali moja, na siyo hii yako."

Watu wakakusanyika. Mzee Nassor akanyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja na fimbo yake.

"Nani kalifunga?"

"Mimi," Khalid akajibu.

"Basi kaa kushoto."

"Na nani aendeshe?"

"Masasi."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Khalid alicheka, kisha akaona baba yake hacheki. Akaingia kushoto. Nami nikashika usukani wa gari ambalo nilikuwa nalijua lote isipokuwa upande ule.

Kona ya kwanza mkia ulichungulia, nikaurudisha. Kona ya pili ulitoka zaidi. Khalid alikuwa ameshika dashibodi, miguu yake ikikanyaga breki ambayo upande ule haipo.

"Polepole, Anko!"

"Sheria inasema kasi kamili."

Kona ya tatu gari halikuomba ruhusa. Lilizunguka, likasimama likitazama tulikotoka, injini ikazima. Kiuno changu kiliwaka moto. Vumbi likashuka taratibu juu ya kioo.

Khalid aliiachia dashibodi. "Huku kushoto linasikikaga hivi?"

"Siku zote."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nakuambia kwa spana."

Tulilirudisha gari mdogomdogo. Watu walianza kumzomea Khalid: "Bosi, suruali kavu?" Alikaa kizingitini mwa mlango wa gari akavua viatu vyake vya mbio, vile vya bei.

"Nipe ndala zako."

Nikampa. Zilikuwa ndogo kwake, visigino vikawa nje. Akaingia kiwanjani peke yake, kichwa kainamisha, akaanza kutembea. Tulimtazama mpaka kona ya kwanza. Pale alisimama, akarudi hatua chache nyuma, akapita tena palepale.

Mzee Nassor alikuwa ameegemea fimbo kando yangu. "Anasikiliza nini pale?"

"Zimenyamaza."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakunitazama. "Basi umeshaondoka, Masasi."

"Nimeshaondoka, mzee."

Alinipa mkono, akaushika wangu kwa muda. Mie nikavuka geti kwenda kutafuta bodaboda. Udongo ulikuwa laini, na moto kwenye nyayo. Sikumsubiri anirudishie ndala.