Afisa Tayo Sebuleni Kwetu

Vumbi la mahindi makavu huwasha pua kabla hujalitambua, kisha hubaki kooni na ladha ya unga mbichi. Kila mwisho wa mwaka Kitale nzima ilikuwa na harufu hiyo. Ilikuwa barabarani, ambako matrekta yalipanga foleni kuelekea ghala la nafaka. Ilikuwa uani kwetu, ambako Mama alianika mahindi juu ya turubai na kutuweka sisi watoto tuwafukuze kuku. Ilikuwa hata ndani ya mablanketi. Nilikuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya elfu mbili, na msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao harufu hiyo ilichanganyika na sauti ya filimbi. Filimbi hiyo ndiyo iliyofungua mchezo wa Kikorea kwenye televisheni yetu, na ilipolia, hata kuku waliachiwa mahindi.

Mchezo ulionyeshwa jioni, kabla ya taarifa ya habari. Ulikuwa umetiwa sauti za Kiingereza, midomo ya waigizaji ikienda huku na maneno yakienda kule. Ulisimulia miaka ambayo wanajeshi waliitawala Korea. Kijana mmoja wa polisi wa siri alitumwa chuo kikuu ajifanye mwanafunzi, apeleleze wenzake waliokuwa wakiipinga serikali, na huko akampenda msichana aitwaye Mina, mmoja wa viongozi wao. Jina la kijana lilikuwa refu, lakini sisi tulimwita Tayo. Alivaa koti jeusi lililofika magotini. Hakumpiga mtu hata mara moja. Wakubwa wake walipomgombeza, alitoka nje akasimama kwenye mvua, na maji yakamtiririka usoni hata usijue ni mvua au ni machozi. Mama Chebet, jirani yetu aliyetoka upande wa Saboti na aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alikuwa akija na kiti chake mwenyewe. Kiingereza kilimpita, kwa hiyo Mama alimtafsiria, naye kila mara alitikisa kichwa kwa huruma na kusema kijana huyo ana roho safi, ni kazi tu iliyomponza.

Mwaka huo Baba mkubwa Wanyonyi alikaa kwetu karibu msimu mzima. Alikuwa kaka yake Baba, mkulima wa Ndalu, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama anayepita mlango mfupi. Alikuwa ameleta mahindi yake ghalani, foleni ikakataa kusonga, na badala ya kulala chini ya trela kama wengine alikuja kwetu kila jioni, akanawa miguu kwenye bomba la nje na kuketi kwenye kochi la pembeni. Tulijua kwamba zamani alikuwa mwalimu wa sekondari huko Bungoma na kwamba kuna wakati hakuwepo. Ndivyo watu wazima walivyosema: wakati ule Wanyonyi hakuwepo. Niliwahi kumuuliza Baba alikuwa wapi, naye Baba akaniambia niende nikaangalie kama kuni zimelowa. Siku hiyo mvua haikuwa imenyesha.

La ajabu ni kwamba Baba mkubwa alimpenda Tayo kuliko sisi sote. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini Tayo alipotokea kwenye kioo alisogea mbele, akaweka viwiko juu ya magoti na kumtazama kama anayemtazama mtoto wa ndugu yake. Siku Tayo alipompelekea mfungwa kikombe cha chai kwa siri, Baba mkubwa alisema taratibu, "Wapo. Watu kama huyu wapo." Hakuna aliyemuuliza alijuaje.

Ndipo Mama akapata wazo la kumwalika Mwalimu Jiyun. Alikuwa Mkorea aliyejitolea kufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi mjini, na alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kitabuni, kwa hiyo kilinyooka kuliko chetu; akisema "vitabu vyangu vimepotea", sisi tuliosema "vitabu yangu imepotea" tulicheka na kumwigiza. Mama alidhani kumwonyesha mchezo wa kwao kungekuwa zawadi. Alikaanga mandazi, akafuta vumbi kwenye televisheni, na filimbi ilipolia akamgeukia mgeni huku akitabasamu, akingoja afurahi.

Mwalimu Jiyun hakufurahi. Aliufahamu wimbo huo wa filimbi. Aliweka andazi lake kwenye sahani bila kuliuma na kutazama mchezo hadi mwisho, mikono imeshikana mapajani. Ulipokwisha, Mama Chebet alimuuliza kwa upole kama kumwona Tayo kumemkumbusha nyumbani. Mwalimu alichukua muda kuyapanga maneno yake. Alisema mchezo huu ulipoonyeshwa kwao, watu waligombana sana. Wazazi wazee walisimama nje ya kituo cha televisheni wakiwa wameshika picha za watoto wao waliochukuliwa na polisi wa siri, wakitaka usimamishwe. Wengine waliwaambia watulie, ni mapenzi tu yanayoonyeshwa. Nyumbani kwao mama yake aliizima televisheni na baba yake akaiwasha tena, wakanuniana wiki nzima. Kaka yake mama yake alikuwa mwanafunzi miaka ile. Alichukuliwa. Alirudi, lakini hadi leo hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa.

"Lakini si ni mchezo tu, Mwalimu?" Mama Chebet aliuliza.

"Ni mchezo, Mama Chebet. Lakini mjomba wangu si mchezo."

Nilidhani yamekwisha. Mama alikuwa tayari ameinuka kwenda kuongeza chai, apate kuondoka kwenye aibu ile. Lakini Baba mkubwa alijikohoza, na kwa sauti ile ile ya kuzungumzia mbolea akamwambia Mwalimu kwamba anamwonea Tayo. Alisema yeye mwenyewe alimwona mmoja kama huyo. Wakati wa chama kimoja alikamatwa darasani, chaki ikiwa mkononi, kwa sababu ya karatasi zilizosema nchi inafaa kuwa na vyama vingi. Alipelekwa Nairobi, akafungiwa chini ya jengo, katika chumba kilichomwagwa maji hata hakuna pa kukaa. Na mmoja wa walinzi, kijana mdogo, alikuwa akimpitishia soksi kavu. Hakuwahi kumjua jina. "Sasa nikimwona huyu Tayo," alisema, "mimi namwona yule wa soksi."

Mama alibaki amesimama na birika mkononi. Nilimtazama Baba, alikuwa akitazama sakafu. Mwalimu Jiyun aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema anaamini kijana wa soksi alikuwepo. Kisha akauliza, "Mzee, na waliomwaga maji, mchezo unawaonyesha wapi?" Mwalimu akamwomba atazame sehemu inayofuata, kwa sababu yeye anajua mchezo unakoelekea.

Siku ya sehemu iliyofuata hakuna aliyefukuza kuku tangu alasiri. Mwalimu alikuja na machungwa, Mama Chebet na kiti chake. Siku hiyo Tayo alimfuata Mina kwa siri, akamwona akipokea bahasha nene kutoka kwa mgeni mwenye miwani. Wanafunzi wote, kumbe, walikuwa wakilipwa na nchi adui ili walete fujo. Tayo alilia kwenye mvua kuliko siku zote. Mama alitafsiri, na Mama Chebet akafyonza meno, akasema, "Kumbe walilipwa, bana. Na vile alikuwa anawahurumia."

Baba mkubwa alimgeukia. Hakuwa na hasira. Nadhani ndiyo sababu maneno yake yalituingia. "Mama Chebet, nani amekwambia walilipwa?"

"Si tumeona sisi wote hapo?"

"Hata mimi nilisemwa hivyo hivyo. Kwa redio. Ati tulipewa pesa na wageni." Alijishika magoti yake. "Mama yangu alisikia akichagua maharagwe. Mpaka leo anaamini."

Mama Chebet alifunika mdomo kwa leso. Nakumbuka alivyoinuka, akabeba kiti chake, akakitua karibu na kochi la Baba mkubwa, akaketi tena. Kwenye televisheni tangazo la sabuni lilikuwa likiimba. Baba ndiye aliyezungumza, na nilishtuka kwa kuwa sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikitetemeka. Alisema miaka yote hiyo alidhani kaka yake ndiye hataki jambo hilo liguswe. Baba mkubwa akajibu kwamba yeye alidhani ni wao ndio hawataki kusikia.

Krismasi tulikwenda Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kibukusu. Foleni ya ghalani ilikuwa imesonga hatimaye, na Baba mkubwa alikuja nasi akiwa amenyoa ndevu. Mwalimu Jiyun tulimchukua pia, kwa vile hakuwa na pa kwenda sikukuu. Kukhu alimpokea kwa kumpapasa mikono na kuuliza kwa Kibukusu kama huko kwao hakuna chakula, kisha akamkabidhi kuku amchinjie. Mwalimu alipoelewa anachotakiwa kufanya, alimshika yule kuku kifuani kama mtoto na kututazama mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kumsaidia. Tulicheka hadi Kukhu mwenyewe akaketi chini.

Jikoni palikuwa na moshi wa kuni mbichi na harufu ya manyoya yaliyounguzwa. Mimi nilikuwa nikimenya vitunguu, Mwalimu kando yangu akijifuta macho. Baba mkubwa aliingia, akainama chini ya paa, akavuta kigoda mbele ya mama yake. Alimweleza yote kwa Kibukusu, bila haraka: darasani, maji, soksi, mahakamani, gerezani. Na kwamba hakuna mtu aliyempa chochote, si mgeni wala mwenyeji. Kukhu aliendelea kunyonyoa kuku. Nilianza kudhani hamsikilizi. Alipomaliza bawa la pili alimweka kuku kwenye karai, akapangusa mikono.

"Kila Jumapili nimekuombea msamaha," alisema. "Kila Jumapili, Wanyonyi. Sasa Mungu atanionaje mimi?"

Baba mkubwa alimtazama. Kisha alianza kucheka, kicheko kilichotoka mbali, mabega yakimtikisika, naye Kukhu akampiga begani kwa mkono wenye manyoya, akamwambia asicheke, jambo hili si la kuchekwa, huku naye machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja. Mwalimu Jiyun aliniuliza kwa sauti ndogo wamesemaje. Nilimtafsiria kadiri nilivyoweza. Aliinuka, akatoka nje, akasimama karibu na migomba kwa muda. Aliporudi aliomba afundishwe kukata kuku vipande.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda kanisani, Kukhu alisimama. Kwa kawaida alisimama kushukuru kwa mvua au kwa goti lililopona. Siku hiyo alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akasema ana neno la kurekebisha. Alisema redio ilisema uongo juu ya mwanawe, naye kwa ujinga akaubeba uongo huo mpaka mbele za Mungu. Aliwaambia, "Mwanangu hakulipwa na mtu. Alisema tu alichofikiri, na nyinyi nyote siku hizi mnakisema bure." Wazee wa mbele, ambao baadhi yao waliwahi kuvuka barabara ili wasimsalimie, walianza kuinuka mmoja mmoja kumpa Baba mkubwa mkono. Alisimama pale, ameshika kofia, asijue pa kuiweka ili mikono yote ipate nafasi. Kwaya ilianza wimbo bila kuambiwa. Tulikula kwa Kukhu siku hiyo watu wengi kuliko sahani.

Tulirudi Kitale na kuutazama mchezo mpaka mwisho, kila mtu kwenye kiti chake. Hatukuwahi kukubaliana. Mama Chebet alishikilia kwamba Tayo hana hatia, na akibanwa sana alikiri ni kwa sababu ya sura yake. Mwalimu alikubali kwamba kwa sura hakuna ubishi. Baba mkubwa alikuja kutoka Ndalu kwa ajili ya siku ya mwisho. Alisema hatamsahau yule wa soksi hadi kufa, lakini soksi zisingehitajika kama wenzake wasingemwaga maji. Mwalimu alimwomba alirudie neno hilo polepole ili amwandikie mjomba wake. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na kwa miaka mingi alitutumia kadi za mwaka mpya zenye picha za theluji.

Leo naishi Eldoret. Michezo ya Kikorea ni mingi kupita kiasi, nami naitazama kwenye simu, vipokea sauti masikioni, mume wangu akitazama yake upande wa pili wa kitanda. Nikiona jambo lisilo kweli hakuna wa kubishana naye isipokuwa watu nisiowajua mtandaoni, na hao hawaleti machungwa wala kiti. Kukhu tulimzika zamani. Baba mkubwa bado yupo Ndalu, na habari ambayo utotoni mwangu ilifunikwa kwa kutazama kuni, sasa anaisimulia kwa kila anayefika: kwa wanaonunua mahindi, kwa wachumba wanaokuja kujitambulisha, kwa wajukuu ambao wanaijua kiasi cha kumkumbusha anaporuka sehemu. Likizo iliyopita nilimpelekea binti yangu wa miaka tisa. Masimulizi yalipofika kwenye chaki, mtoto alipiga mwayo mrefu, akaniinamia na kuninong'oneza kama bado yamebaki mengi. Baba mkubwa, ambaye masikio yake hayajazeeka, alimsikia. Alicheka sana, akamwambia asogee karibu, kisha akaanza tena tangu mwanzo.