Siku Jiko la Stima Lilipomrusha Mama

Nilikuwa na miaka kumi na sita jiko la stima lilipoingia mikononi mwetu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya mawe huko Eastleigh: mama, baba, bibi mzaa mama, na mimi. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kipunjabi, Mwislamu kama sisi, na mama alimuuguza kwa miezi mingi kana kwamba ni mamake. Mwanawe alipokuja kumchukua akaishi naye Kisumu, yule mjane alimshika mama mkono, akampeleka jikoni, pale uani, akamwonyesha lile dude jeupe lililosimama karibu na dirisha.

"Hili lako," akamwambia. "Mwanangu analo lingine."

 Mama alisimama akiligusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mnyama ambaye hajui kama anauma.

Mama alikuwa mwokaji. Alioka vileja, mikate ya sinia na mikate ya mayai kwa harusi na maulidi, kuanzia Eastleigh hadi Pumwani. Maisha yake yote alikuwa ameoka kwa makaa: makaa chini ya sufuria, na makaa mengine juu ya mfuniko wa bati, ili mkate upate moto pande zote mbili. Kazi hiyo ya kutia makaa juu ndiyo kupalia, naye aliifanya bila hata kuangalia, huku akizungumza na watu. Sasa hapa palikuwa na jiko lisilo na makaa, lisilo na moshi, wala moto wa kuonekana. Nilipobonyeza swichi kubwa ya ukutani na kuzungusha kitasa, taa ndogo nyekundu iliwaka, basi. Tulikaa tukalitazama. Baada ya muda mama akafungua mlango, akaingiza mkono, akauchomoa haraka.

"Subhanallah! Moto uko wapi?"

 Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, alisema kitu kinachounguza bila kuonekana si cha kuweka nyumbani.

Vileja vya kwanza viligeuka mkaa. Mama alihesabu muda wake kama alivyozoea, tukafungua tukakuta sinia nzima nyeusi. Mara ya pili alipunguza moto, vikatoka vyeupe na vibichi katikati. Mara ya tatu ndiyo iliyonishtua, maana sikutegemea mama yangu, mwanamke mwenye akili kama ile, afanye alilolifanya. Nilikuwa nimekwenda dukani kununua iliki. Niliporudi, ua ulikuwa umejaa moshi na majirani wamesimama wakikohoa. Mama alikuwa ametia mkate wa sinia katika jiko la stima, halafu, kwa kuwa hakuamini kwamba juu yake kuna moto, akachota makaa mekundu kwa sepetu na kuyamwaga juu ya bati, akalisukuma ndani, akafunga mlango.

"Mkate hauwezi kuiva bila kupaliwa," aliniambia, machozi yakimtoka kwa moshi. Rangi nyeupe ya ndani ilikuwa imepasuka vipande vipande.

Tangu siku hiyo nikawa mwalimu. Jiko lilikuja na kijitabu cha Kizungu, na mimi peke yangu nyumbani ndiye niliyekuwa nimesoma shule, ukimwacha baba. Baba alikuwa karani. Ndivyo tulivyojua. Kila alfajiri alivaa koti na tai, akapanda baiskeli yake kwenda mjini, na mara nyingi alirudi tumeshakula, akasema kazi ilikuwa nyingi. Mambo ya jikoni hakuyagusa. Hata maji ya kunywa aliletewa alipoketi. Kwa hiyo hatukuwaza kumuuliza kuhusu jiko, na yeye hakulitazama hata mara moja, jambo ambalo leo naliona la ajabu, lakini wakati ule niliona ni uanaume tu.

Nilisoma kijitabu kile kwa kamusi. Nilisoma kurasa za keki, za biskuti, za mikate. Nilimfundisha mama namba zilizoandikwa kwenye kitasa, naye hakujua kusoma, basi akatia alama zake kwa wanja: alama moja ya vileja, mbili za mkate wa mayai. Nyuma ya kijitabu kulikuwa na kurasa za namna ya kulisafisha na kulitunza jiko, maandishi madogo yasiyo na picha. Zile sikuzisoma. Niliona hazina haja. Jiko ni kitu cha kufutwa kwa kitambaa, nani asiyejua?

Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi baba alirudi mapema, tukiambiwa ofisi yao hufunga saa sita siku hiyo. Mama alikuwa ameoka vileja vya harusi ya jirani, na siagi ilikuwa imemwagika ndani ya jiko. Akachukua kitambaa, akakilowesha kwenye ndoo, akapiga magoti, akaingiza mkono wote ndani kufuta. Mimi nilikuwa nikipanga vileja kwenye sinia. Taa nyekundu ilikuwa imezimika, kwa hiyo sote wawili tulijua jiko limezimwa.

Nilisikia sauti. Haikuwa kelele ya mtu, ilikuwa kama pumzi iliyokatwa. Nikageuka nikamwona mama ametetemeka mwili mzima, mkono ungali ndani. Nilimrukia nimshike. Jirani yetu, mama wa Kisomali aliyekuwa akifua pale uani, alinipiga kikumbo nikaanguka, akachukua mpini wa fagio akamsukuma mama begani kwa nguvu zake zote. Mama akarushwa nyuma, akagonga ukuta, akateleza hadi sakafuni.

"Ungemshika mngekufa wote wawili!" yule mama alinifokea, naye mwenyewe analia.

Mama alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua, ngozi imekuwa nyeupe. Bibi alishika kichwa chake mwenyewe akirudia kusoma ile dua moja anayoisoma kwenye mazishi, mpaka nikamwomba anyamaze.  Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada.

Baba aliingia mama amekwisha kaa na kuanza kusema. Alisimamisha baiskeli, akamtazama mama, akautazama mkono, akalitazama jiko. Bibi akamwambia, "Mwanangu, litoe dude hili leo hii. Liende likatupwe."

Tulidhani ndilo atakalofanya. Badala yake alivua koti, akalikunja, akanipa. Akavua tai. Akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. Kisha akaniuliza kwa sauti ya taratibu ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kijitabu ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye keki, baba."

"Ukaacha za nyuma."

"Ndiyo, baba."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikwenda ukutani akazima swichi kubwa, akasema, "Taa hii ikizimika, jiko limefika kwenye moto mlioutaka, limepumzika. Halijazimwa. Umeme ungali umo. Likitaka kusafishwa, unazima hapa ukutani kwanza, unangoja lipoe, ndipo unaingiza mkono." Lilipokwisha poa akapiga magoti pale pale mama alipopigia, akatoa kisu mfukoni, akafungua skrubu nne bila kubahatisha hata moja, akachomoa kile kiwaya kinene kilichopindapinda, ambacho mafundi hukiita koili. Kilikuwa kimepasuka.

"Makaa," alisema. "Nani alitia makaa humu?"



Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akarudi mapema na koili mpya kutoka mjini, akaifunga mwenyewe. Alisugua ndani kwa magadi na kitambaa kikavu. Alipitisha ukanda wa karatasi kwenye mlango, akaufunga na kuivuta karatasi, mahali hapa na mahali pale, kuona kama mlango unabana sawasawa. Halafu akamwaga unga kidogo kwenye sinia, akautia ndani, akasubiri amesimama, mikono nyuma.

"Ukiwa rangi ya biskuti baada ya dakika tano, moto ni wa keki. Ukiwa mweusi, punguza. Usiamini kitasa. Kitasa kinasema uongo."

Bibi alikuwa amelala chumbani. Mama alikuwa kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa, akimtazama. Baba alichukua bakuli. Akachukua mayai mawili kwa mkono mmoja, akayapasua yote mawili kwa mpigo, maganda yakabaki mkononi, mayai yakaanguka ndani bila chembe ya ganda. Akachukua mengine mawili. Akafanya vile vile. Nadhani mikono yake ilikuwa imesahau kuwa tunamtazama.

Mama akasema, "Umejifunza wapi?"

Baba akasimama na maganda mkononi.

"Nakuuliza, Bwana. Umejifunza wapi?"

Akasema, akilitazama bakuli, "Mimi si karani."

Nilihisi kama nilivyohisi jana yake nilipomwona mama akitetemeka. Baba akaendelea kwa maneno machache. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu, upande wa pili wa mji. Koti na tai alizivua huko, akavaa kanzu nyeupe na aproni. Alhamisi ilikuwa mapumziko yake ya mchana.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakuposa. Babako asingemwoza binti yake mtu anayesimama jikoni kwa mwingine. Nikasema ni karani. Nikadhani nitapata ukarani baadaye, iwe kweli. Sikupata."

Mama hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Nilidhani atauliza kuhusu uongo, kuhusu miaka, kuhusu babake aliyekwisha kufa akiwa anajisifu kwa mkwe wake karani. Aliuliza jambo jingine.

"Na nguruwe?"

Baba akayaweka maganda chini.

"Nakuuliza, nguruwe unampika?"

"Napika. Sili. Wallahi sijawahi kula hata kipande. Lakini napika."

Mama aliinuka. Alitoka uani, nikamsikia akichimba kwa mkono wake wa kushoto kwenye kile kipande cha ardhi tulichopanda mchicha. Akarudi na udongo ndani ya bakuli la bati na birika la maji. Akamwambia baba, "Njoo." Baba akamfuata. Pale uani, mchana kweupe, mama yangu, ambaye hakuwahi kumwamrisha mumewe hata avute kiti, alimmiminia maji mikononi mara saba, na mojawapo kwa udongo, kama sheria inavyosema kwa aliyegusa nguruwe. Alimmiminia polepole. Baba alisugua mpaka juu ya viwiko. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilitaka kuondoka nisione, lakini nikabaki.

Baada ya mara ya saba mama akaliweka birika chini.

"Haya," akasema. "Mayai yale bakulini yataharibika. Nifundishe."

Akamfundisha. Siku ile, na kila Alhamisi iliyofuata, mlango wa jikoni umefungwa. Nami nilifundishwa pamoja naye: kulisafisha jiko kila wiki kabla mafuta hayajaganda, kutolitia maji, kusogeza sinia kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, kusikiliza mlio wa kitasa kinapochoka. Alikuwa mwalimu mkali. Mkate ukitoka umeinama upande mmoja alinitazama nieleze sababu mwenyewe.

Lakini kilichonishtua kuliko yote kilitokea siku chache baada ya yale maji. Bibi, ambaye hakuwa amesikia neno lolote, aliuliza tukiwa tunakula: huyu mkwe wangu karani, mambo ya majiko kayajulia wapi?

Baba akaacha kutafuna. Mama akamwongezea bibi mchuzi.

"Kuna vitabu ofisini kwao, mama," akasema. "Husoma akipata nafasi."

Alisema bila kupepesa. Nilimtazama nikakuta ananitazama, nikajua kuwa tangu pale na mimi nimo katika siri ile.

Bibi alifariki miaka minne baadaye akiamini hivyo. Baba alikuwa amekwisha acha kazi ile. Oda za harusi zilikuwa zimezidi, za Eastleigh, za Pumwani, hata za nyumba mpya za Mbotela, na mama alimwambia aache, akaacha. Walioka pamoja. Watu walisifu mkono wa mama, naye alishukuru, na baba alibaki ndani.

Nilipokuwa karibu kuolewa nilimuuliza mama alimsameheje. Alikuwa akikanda unga, vile vidole viwili vikiwa vimebaki vimejikunja kidogo.

"Kazi yake haikuniuma," alisema. "Hata ule uongo kwa babangu, nilimwelewa. Kilichoniuma ni kwamba alikula chakula changu miaka yote ile. Pilau ikiungua anajua kwa nini. Mkate ukikataa kuumuka anajua kwa nini. Akala, akasema alhamdulillahi, akanyamaza."

Akaupindua unga, akaupiga kwa kiganja.

"Mumeo akinyamaza sana mezani," akaniambia, "muulize."