Siku Niliyofunikwa Leso na Kamera Zangu Tatu

Walioiona aibu yangu ni hawa, na kwa kuwa wote wako hai siwezi kudanganya hata nikitaka: dada yangu Wambui aliyekuwa akiposwa, Kamau mchumba wake kutoka Njoro, shangazi yetu Tata Nyokabi, Mama Shiku shangazi wa Kamau, na koo mbili nzima zilizojaa uani kwetu hapa Kuresoi.

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi walipotuacha nilitoka shule darasa la saba nikashika jembe, Wambui akasoma kwa pesa za waru, viazi vyetu, na siku ya ruracio yake, sherehe ya mahari, ndiyo mara ya kwanza wazee walinipa kiti cha baba. Yeye aliniomba kitu kimoja tu. "Brathe, na hizo kamera zako zote, nipigie tu picha Kamau akinifunua. Hiyo moja." (Kwetu msichana hufunikwa leso gubigubi pamoja na wenzake, wakajipanga kama magunia, mchumba amtambue wake, akikosea, faini.)

Mwenye akili angebeba kamera moja. Mimi nina tatu, na kamera ni kama mbwa, ukimfungia mmoja nyumbani unamsikia akilia, basi nikavaa zote shingoni: ya filamu, ya dijitali, na ile kubwa ya plastiki inayotema picha papo hapo.

Wasichana wakifunikwa ndani, nikapiga moja na hiyo ya kutema. Wambui alikuwa kwenye leso ya jogoo mwekundu, uso bado wazi, anacheka. Picha ikatoka nyeupe (hungoja dakika chache ndipo ijionyeshe), na kwa vile mikono ilikuwa imejaa nikatoka nje nikampa mama wa kwanza niliyekutana naye. "Mathe, nishikie, usiikunje." Sikuuliza ni wa upande gani.

Wasichana wakatoka, wakajipanga, nikapiga goti. Kabla sijapata shabaha, Kamau akawapita wawili bila kuwaangalia, akanyoosha mkono kwa yule wa jogoo kama mtu anayechukua soda yake mezani.

"Wewe, simama hapo!" Tata Nyokabi akafoka. "Umejuaje?"

Mama Shiku akainua picha yangu juu, anacheka mpaka machozi. "Si kijana wenu ametupa ramani!"

Mzee mmoja akauliza kama huyu ndiye amekalia kiti cha baba. Tata Nyokabi akawarudisha wasichana wote ndani, nami akanivuta humo humo, akawabadilisha leso, na ile ya jogoo akanirushia mimi.

"Njoroge, ingia. Wewe ni mwembamba, unatosha."

"Tata, mimi ni mwanamume."

"Ungekumbuka hiyo ukigawa siri. Ingia!"

Nikaingia lesoni na kamera zangu zote, tukatoka tukajipanga. Kamau, asiyejua leso zimebadilishwa, akaja kwa jogoo, akanishika mkono, mkono huu wa jembe wenye sugu kama gome la mti, akasema kwa sauti ya mapenzi, "Huyu ndiye wangu." (Wambui hajamsamehe kwamba sugu hizo hazikumshtua.) Kwa mshtuko nikabonyeza, flashi ikawaka ndani ya leso, na uwanja mzima ukalipuka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana wa mwisho kwenye mstari, na kicheko hicho Kamau alikijua. Mimi nilisikia tu vigelegele, kwa sababu mikanda mitatu ilikuwa imejisokota na leso na kichwa hakitoki. Nilipochomoka, Wambui alikuwa ameshafunuliwa, ameshakumbatiwa, na picha niliyopata mimi ni ya tumbo la jogoo, tena halionekani vizuri.

Simu za wageni? Zote zilikuwa zimenielekea mimi.

Siku hizi nikialikwa nabeba kamera moja, na kabla ya kumpa mtu kitu ashike nauliza kwanza ametoka wapi. Nimewaomba warudie, Kamau yuko tayari, lakini Wambui anasema mtu hafunuliwi mara mbili. Nikamuuliza basi deni hilo nilipe na nini. Akasema atafikiria.

Bado anafikiria.