Hodi ya Tatu Mjini Ávila

Siku niliyopelekwa kutembezwa miji ya kale ya Hispania nilikuwa na kikapu mapajani, na sikutaka kusikia habari za mfalme yeyote.

Kikapu alikisuka mama yangu huko milimani Mwese. Kilimchukua miezi miwili, kwa sababu macho yake yameshachoka na ilibidi aulize wajukuu uzi upi mweusi na upi wa kahawia. Ndani kulikuwa na sweta ya bluu ya mtu mzima, yenye kiraka kwenye kiwiko, na juu yake vikombe viwili vya maharage ya njano ambayo sikuona sababu ya kuyataja uwanja wa ndege. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, alisema mama, na kwa hesabu zake sweta nayo ni chombo.

Sweta ilikuwa ya sista mmoja Mhispania, mkunga wa zahanati yetu. Usiku niliozaliwa mvua ilinyesha mpaka ndani na mablanketi yote yakalowa. Sista akaivua sweta yake mwilini, akanifunga. Baadaye, nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, aliugua akarudishwa kwao ghafla, hata kuaga hakuaga. Sweta ikabaki sandukuni kwetu. Kila Krismasi mama aliitoa, akaianika, akaikunja tena. Hakuna aliyeruhusiwa kuivaa, hata mwezi wa saba ambapo asubuhi za Mwese zinagonganisha meno.

Basi chama chetu cha wafuga nyuki wa Mpanda kilipoalikwa kwenye maonyesho ya asali Madrid, na mimi nikachaguliwa kwenda, mama aliteremka kwa bodaboda kutoka Mwese hadi kwangu Misunkumilo, na vumbi lake lote, akaweka kikapu mezani. Padre alikuwa ameshamwandikia kwenye karatasi anwani ya nyumba wanakotunzwa masista wazee. Mji unaitwa Ávila.

"Umrudishie sweta yake," aliniambia. "Na akuone. Mwambie, huyu ndiye yule. Hayo tu, mwanangu."

Siku ya mwisho, Jumamosi, wenyeji wetu walitulipia safari ya kutembezwa, asubuhi Segovia, mchana Ávila. Nilipoona jina hilo kwenye ratiba niliketi kitandani nikalia kidogo, maana nilikuwa nimeshaanza kutunga uongo wa kwenda kumwambia mama.

Mtembezaji wetu alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye mwavuli mwekundu aliouinua juu ili tusipotee. Alituhesabu tukipanda basi, akatuhesabu tukishuka. Segovia alituonyesha daraja refu la mawe lililojengwa kupitisha maji, matao juu ya matao, akasema limesimama karibu miaka elfu mbili bila saruji hata kijiko. Nilifikiria daraja letu la njia ya Mwese, linalochukuliwa na maji kila masika na kila masika tunalishangaa. Nikacheka peke yangu. Mzee mmoja wa kundi letu akanitazama kama niliyecheka msibani.

Lakini kusema kweli mji ule ulinishika. Ulikuwa na baridi kavu ya mlimani, na moshi wa kuni ulitoka mahali fulani. Nikajiona nina miaka saba, nimechuchumaa jikoni kwa mama, mikono motoni, nikisubiri kiazi kiive. Nilisafiri kote kule na pua yangu ikanirudisha nyumbani.

Ávila tulifika saa saba na nusu. Ni mji uliozungushiwa ukuta wote, na juu ya minara korongo wamejenga viota kama matita ya kuni. Kwenye dirisha la duka moja niliona magunia madogo ya maharage meupe, makubwa kama kidole gumba. Kumbe mama yangu alikuwa amewatumia maharage watu wa maharage. Nikatamani awepo anione ninavyocheka.

Saa nane mtembezaji akatupa nafasi ya kuzunguka wenyewe. "Saa tisa na nusu basi linaondoka," alisema. Nilimwonyesha karatasi ya padre. Akaisoma, akatazama kikapu, sura ikamlainika.

"Ni karibu hapa," alisema. "Ngoja niwapigie simu wajue unakwenda."

Nikakataa. Nilikataa kwa tabasamu, na kwa kiburi kidogo pia. Kwetu mtu hatangazi ujio wake. Anayetanguliza habari anataka achinjiwe kuku. Mgeni anatokea mlangoni, anapiga hodi, na furaha ya mwenyeji inakuwa ya kweli kwa sababu hakupewa nafasi ya kuiandaa. Nilitaka sista afurahi hivyo.

Mlango niliupata upesi. Ulikuwa wa mbao nene zenye misumari vichwa wazi, na juu yake dirisha lililoachwa wazi kidogo, pazia linacheza. Mtaa wote ulikuwa kimya, watu wamejifungia wamepumzika. Pembeni mwa mlango palikuwa na kengele, kidude cha shaba cha kubonyeza. Niliiona, sitaki kudanganya. Lakini kengele ni ya wageni, na mimi nilifungwa sweta ya mtu wa nyumba ile kabla sijafungwa kitu kingine chochote duniani. Nikaweka kikapu kwenye mkono wa kushoto, nikavuta pumzi.

"Hodi!"

Sauti ikagonga ukuta wa ng'ambo ikarudi. Nikasubiri, kama nilivyofundishwa, muda wa mtu kuweka chini alichoshika.

"Hodi wenyewe!"

Pazia likacheza. Nilisubiri zaidi, muda wa mtu kutafuta ndala zake.

"Hodi!"

Kimya.

Mama alitulea hivi: hodi ni tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mwenye nyumba hayupo, au yupo na hataki, na yote mawili ni haki yake. Hodi ya nne, alikuwa akisema, ni ya polisi. Nilisimama pale na miaka yangu yote ya utu uzima, na mkono ukakataa kwenda kwenye kengele. Nikafikiria kuacha kikapu kizingitini. Hapo nikajicheka. Kitu kisicho na mwenyewe, kimefungwa, mlangoni kwa watu? Kwetu hakuna atakayekigusa, wataitwa watu wa maombi kwanza. Nikakichukua, nikarudi kwenye mwavuli mwekundu. Saa ilikuwa bado nane na dakika arobaini. Muda ulikuwepo tele, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Umemwona?" mtembezaji aliuliza.

"Hawapo," nikasema. Akatuhesabu, tukapanda.

Mama hakunilaumu. Aliuliza, "Umepiga hodi tatu?" Nikasema tatu. "Basi ulifanya vizuri." Akarudisha sweta sandukuni, maharage akayapika. Nilikula mpaka sahani ikaisha.

Haukupita muda mrefu padre akaniita. Masista wa Ávila walikuwa wameandika kuijulisha parokia alikowahi kufanya kazi kwamba mzee wao, yule sista wetu, amepumzika kwa Bwana. Nikapanda Mwese, padre akaisoma ile barua mbele yangu na mama, akitafsiri polepole. Alikuwa kitandani muda mrefu, waliandika, chumba cha juu kinachotazama mtaa. Alikuwa ameacha kabisa kusema. Ila Jumamosi moja mchana, wenzake wakiwa kanisani ndani, yule aliyekuwa akimwangalia alishtuka kumwona anajaribu kushusha miguu sakafuni. Alikuwa akisema neno moja, kwa sauti ndogo sana, akilirudia mpaka jioni. Karibu. Karibu. Walikuwa wakiomba parokia iwaambie kama ni jina la mtu.

Niliihesabu ile Jumamosi. Haikuhitaji hesabu.

Sikuweza kumtazama mama. Nilisema nilikosea, nilisema kengele ilikuwepo, nilisema yule mama wa mwavuli alitaka kupiga simu na mimi nikajifanya najua. Nililia kama mtoto, mbele ya padre, na sikuona aibu.

"Mimi ndiye niliyekufundisha tatu," alisema mama.

Akainuka, akaenda chumbani kwake. Nikasikia sanduku linafunguliwa.

Nilipopanda tena Mwese ilikuwa mwezi wa saba. Bodaboda iliniacha chini kwa sababu njia ilikuwa bado imekatika tangu masika, nikamalizia kwa miguu, na jua lilikuwa halijaondoa umande. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, nikasubiri muda wa mtu kutafuta ndala, ukapita, hakuna kitu. Jirani aliyekuwa akichuma kisamvu aliniambia kwa mbali, "Labda ameenda kisimani."

Nikapiga ya nne. Jirani akaacha kuchuma akanitazama. Nikapiga ya tano, nikaweka sikio kwenye mbao.

"Karibu," sauti ikasema ndani, ndogo, kama imetoka nyuma ya nguo. "Karibu mwanangu, nakuja. Miguu tu hii."

Ilimchukua muda kufika. Alipofungua alikuwa amevaa sweta ya bluu.