Kaburi la Winifrida

Mimi nauza nondo Mtaa wa Msimbazi. Miaka mingi nilimcheka jirani yangu Pantaleo, fundi wa kutoka Njombe, aliyetengeneza mifuniko ya mitaro kwa zege na mianzi. Niliacha kucheka siku nilipoona mifuniko yenye nondo zangu imeliwa na kutu, huku ya kwake bado inapitiwa na mikokoteni ya Kariakoo.

Kazi yenyewe ilikuwa kukausha. Mianzi ilikaa kivulini miezi mitatu, kisha mkewe, Winifrida, aligonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akisema "bado," Pantaleo hagusi zege, hata mteja akifoka.

Winifrida alifariki mwezi wa tatu. Pantaleo akataka kulijenga kaburi kabla ya arobaini, ndugu wasije wakakuta tuta la udongo. Mianzi ikaletwa mibichi, imekatwa msimu wa kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, imejaa maji. Nikampa nondo bure. Akakataa, akasema mkewe hawezi kulala chini ya chuma cha dukani. Nikamwita mbishi, nikaondoka na hasira zangu.

Arobaini ilipita vizuri. Mwezi wa sita mianzi ikasinyaa ndani ya zege, kaburi likapasuka kutoka kichwani hadi miguuni.

Nilimkuta amechuchumaa pale, kidole kimo ndani ya ufa.

"Wewe ni fundi, kaka. Hukujua kwamba ni mibichi?"

"Nilijua," akasema. "Lakini wa kuniambia 'bado' ndiye niliyekuwa namfunika."