Tone Kwenye Kikombe cha Maji

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya shamba la mkonge, kule chini upande wa Bendera, sikupewa spana. Nilipewa kikombe cha bati. Fundi Mkuu, mtu wa Songea aliyekuja kukata mkonge akaishia kutawala mashine, alikijaza maji, akadondosha tone la mafuta ya breki. Likayeyuka na kupotea. Akadondosha oili ya injini. Ikaelea.

"Kinachoelea hakiingii kwenye breki," alisema. "Na aliyefunga breki ndiye anayepanda gari safari ya kwanza. Mlima haupokei samahani, Anaeli."

Nilimwona mzee mwenye makuu. Nilikuwa kijana, na vijana tunajua kila kitu.

Meneja wa shamba alikuwa na gari dogo la spoti, la viti viwili, lililoachwa na mwenye shamba wa zamani. Lilikuwa chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na kuku. Tulilicheka, lakini miaka ile ya dhiki magari mengine ya shamba yalikuwa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Breki zake za mbele zilikuwa za diski. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kalipa ni taya lenye pistoni mbili linaloibana kwa pedi kutoka pande zote. Kila pistoni ina pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, na pete hiyo hiyo huirudisha pistoni nyuma kidogo ukiachia pedali. Ikiharibika, huna breki, au unazo wakati huzitaki.

Kalipa zilianza kuvuja, nikazifungua. Nilizitoa pistoni kwa upepo wa kompresa, kipande cha mti kikiwa katikati zisije zikanivunja vidole, nikazisugua kutu kwa msasa laini. Pete mpya Meneja aliletewa na jamaa yake kutoka ng'ambo, seti moja tu. Mafuta ya breki ndiyo yalikosekana. Same hakuna, Moshi hakuna. Nikafuata magendo hadi Kileo, karibu na mpaka wa Kenya, nikabadilisha redio yangu kwa chupa moja isiyo na nembo.

Niliporudi, kikombe kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake. Sikukigusa. Mafuta yale yaliteleza vidoleni kuliko nilivyozoea, na redio yangu ilikuwa imekwenda. Niliogopa jibu. Nikayamimina, nikatoa upepo kwenye mabomba, pedali ikasimama imara.

"Umeyajaribu kwenye maji?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Gari lilikaa siku nne likingoja petroli. Siku ya tano Meneja akasema anapanda mlimani Gonja kumtazama mkewe aliyelazwa hospitali, na fundi aliyefunga breki aje. Nilisema tumbo linaniuma.

Fundi Mkuu alinitazama, akafuta mikono yake. "Basi pumzika. Nitapanda mimi."

Ningeweza kusema hapo. Nilikuwa na muda wote ule aliokuwa akitafuta kofia yake. Nilijilaza nyuma ya karakana, nikasikia gari likiondoka.

Kupanda lilipanda. Wakati wa kushuka magurudumu ya mbele yalianza kutoa moshi, kisha pedali ikazama hadi sakafuni. Meneja akalielekeza gari kwenye ukuta wa mlima ili lisitumbukie bondeni. Upande uliopiga jiwe ni wa abiria. Meneja alitoka na mikwaruzo. Fundi Mkuu alikatwa mguu, juu ya goti.

Nilifungua kalipa zile peke yangu. Pete zilikuwa zimevimba kwa oili, pistoni zimekwama, pedi zimeibana diski njia nzima ya kushuka hadi kila kitu kikaungua.

Baada ya miezi kadhaa alirudi kwa magongo. Aliniomba ile chupa ya Kileo, kilichobaki ndani. Akajaza maji kikombe, akanisogezea.

"Dondosha."

Nikadondosha. Likaelea. Tulilitazama wote wawili.

"Sasa umejaribu," alisema, akamwaga maji na kukirudisha kikombe kwenye msumari.

Hakumwambia Meneja wala mtu mwingine. Angenitukana ningepumua. Wiki hiyo alikabidhi funguo, maana mtu wa mguu mmoja haingii chini ya gari, akarudi kwao Songea. Cheo nikapewa mimi.

Ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje, maduka ya Same yalijaa vipuri ndani ya maboksi yanayong'aa, na nusu yake kilichokuwa halisi ni maboksi tu. Nilijaribu kila chupa, na kila gari nililolifunga breki nililipanda safari ya kwanza, hata nikiwa na homa ya kweli. Vijana walinitania.

"Mzee, hii ina lakiri ya kiwandani."

"Na kikombe hiki kina maji," niliwajibu.

Nimestaafu sasa, nakaa hapa Same mjini. Kikombe ninacho, kimeshika kutu. Kila nikienda sokoni, mafundi wa gereji za barabarani huacha kazi wakanisalimu: "Shikamoo, Fundi Mkuu." Hawajui wanamsalimu nani. Naitika marahaba, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu yote miwili.