Fundi Aliyeikata Namba Yake Mwenyewe

Saa moja asubuhi, kisu kiko mezani na mzee hajakigusa.

Ametandika shuka kuukuu juu ya meza ya jikoni. Ameweka bakuli la maji ya uvuguvugu, sifongo, rula ya chuma na kile kisu, ambacho mpini wake umezungushiwa kitambaa hadi umekuwa mnene kama hindi. Katikati ya vyote kipo kitabu kinene chenye jalada la nguo ya bluu. Mzee amevaa aproni, miwani imeshuka puani, mikono ameiweka mapajani.

"Meza ni yangu mpaka saa tatu," anasema. "Baada ya hapo inarudi kuwa meza ya chai. Ndio mkataba wangu na mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni binti yake, muuguzi, ambaye anapita nyuma yake akisaka funguo kabla ya kwenda kazini. Anamshika bega kidogo. "Baba, ukate usikate, gundi usiipikie tena kwenye sufuria ya maziwa." Mzee anaitikia kwa kichwa, maana kosa hilo ameshalifanya mara mbili.

Ana miaka sabini na moja. Wateja wake humwita Fundi Mgongo, kwa sababu vitabu vingi wanavyomletea vimevunjika mgongo: kamusi, vitabu vya dini, daftari la hesabu la mwenye duka la chini ya ghorofa. Yeye ni mjalidi, mtu wa kushona kurasa na kuzivalisha jalada. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne katika kiwanda cha uchapaji cha serikali ya nchi yake, akastaafu, na miaka minane iliyopita, mkewe alipofariki, akahamia huku ugenini kwa mwanawe wa pekee.

Leo mteja ni yeye mwenyewe. Ndani ya kitabu cha bluu kuna barua yake ya ajira, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha binti, kadi ya kliniki ya marehemu mkewe na kila karatasi iliyowahi kumtaja kwa jina. Anachokitafuta kimo mgongoni mwa kitabu hicho, au hakimo popote. Kama hakimo, zimebaki siku tisa jina lake lifutwe kwenye orodha ya wastaafu wa nchi yake.

Na kilichomfikisha hapa, ajabu, ni jambo aliloliombea miaka yote.

Mwaka jana huko kwao kulifanyika uchaguzi. Chama kilichoshika madaraka tangu mzee akiwa kijana wa kuvaa bugaluu kilishindwa, kikakubali, kikaondoka. Mzee alisikiliza matokeo kwenye simu, Jumapili mchana, amekaa kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unakatika.

"Nililia," anasema. "Sioni haya. Jirani alinipita na ndoo zake, akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama, leo tumezaliwa."

Miezi minne baadaye serikali mpya ilitoa agizo lake kuhusu wastaafu. Kwa miaka mingi pensheni zilikuwa zinalipwa kwa majina ya watu waliokwisha kufa na wengine ambao hawajawahi kuwepo, wastaafu hewa. Sasa kila mstaafu, awe nyumbani au ng'ambo, ajitokeze upya na barua halisi ya ajira ya kwanza yenye namba ya faili inayosomeka. Asiyekuwa nayo, jina linatoka.

Hapo zamani uhakiki ulikuwa mwepesi. Kila Januari mzee alikwenda ubalozini kuthibitisha kwamba bado yu hai. "Yule karani wa zamani alikuwa hanitazami hata usoni. Anaangalia karatasi, anagonga muhuri. Ningekufa ningeweza kuendelea kwenda."

Kwa hiyo agizo lilipotoka, wenzake wa ugenini walihangaika kutafuta karatasi zilizoliwa na mchwa au zilizopotea kwenye kuhamahama. Yeye alicheka. "Nilijiambia, nani ana karatasi kama mimi? Zangu zimeshonwa."

Alivaa koti lake zuri, akatia kitabu chake kwapani, akapanda mabasi mawili hadi ubalozini. Dirishani alimkuta afisa mpya, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye salamu nzuri. Mzee alikisukuma kitabu mbele yake kwa madaha. Afisa akafungua, akapapasa ukurasa wa kwanza, akasifia kazi. Kisha akakisogeza kwenye mwanga.

"Mzee wangu, hapa juu pamekatwa."

Mzee aliinama. Namba ya faili ilikuwa imepigwa taipu juu kabisa ya barua, karibu na ukingo, na ukingo ule ulikuwa umenyooka kwa wembe. Ule wembe ulipita katikati ya tarakimu.

"Naona miguu ya namba," afisa alisema kwa upole. "Vichwa viko wapi?"

"Sijui."

"Nani alikata?"

"Mimi," mzee akajibu, kabla hajawaza.

Anaposimulia hapo anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi. Mjalidi akishashona kurasa huziweka kwenye mashine, akanyoosha kingo tatu kwa pigo moja la kisu kikubwa. Kisiponyooshwa, kwake yeye hicho si kitabu, ni rundo. Barua yake ya ajira ilikuwa ndefu kuliko karatasi nyingine kwa upana wa kidole. Alikifunga kitabu kile wiki ya kustaafu, akakifungua mara nyingi tangu hapo, na hakuwahi kuona.

"Nilikuwa natazama ukingo," anasema. "Jinsi ulivyonyooka. Sikutazama karatasi."

Afisa hakumfukuza. Alimweleza kwamba namba iliyokatwa ndiyo alama ya kwanza waliyoambiwa waitilie shaka, kwa kuwa waghushi nao hukata hapohapo. Akampa wiki tatu alete ushahidi mwingine. Mzee akashukuru, akatoka, akapanda basi la upande usio wake na kushtukia amefika mwisho wa njia.

Pensheni hiyo hulipa theluthi ya kodi ya nyumba na dawa zake zote za presha. Vitabu vinne vitano anavyofunga kwa mwezi vinampa hela ya viatu na muda wa maongezi, basi. Lakini si hilo lililomkosesha raha.

"Hela nitaihangaikia, na binti yangu hawezi kunitupa. Lakini mimi niitwe hewa? Miaka thelathini na minne nimesimama kwenye sakafu ya saruji. Rejista za vizazi za nchi nzima zimepita mikononi humu. Watu wamezaliwa kwa gundi yangu."

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi, na hili alikaa nalo siku mbili bila kumwambia mtu. Wiki ileile aliyojifungia kitabu chake, alifunga na kingine cha namna hiyohiyo, zawadi kwa mwanamke aliyekuwa anastaafu pamoja naye. Kiwandani walimwita Bi Uzi. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshona kurasa na mzee ndiye aliyekata na kuvalisha. Alikuwa rafiki wa marehemu mkewe, kwa hiyo mzee kwake ni shemeji. Sasa naye anaishi ugenini, nchi nyingine kabisa, kwa mtoto wake wa kiume.

Siku ya tatu akajikaza, akampigia.

"Shemeji," Bi Uzi alidakia kabla ya salamu, "nimetoka ubalozini jana. Wewe mwanaume umenikata kichwa."

Mzee akaomba radhi. Akaomba tena. Bi Uzi akamwacha amalize, kisha akashusha pumzi.

"Umeshamaliza kulia? Haya. Mabaki uliyaweka wapi?"

"Mabaki gani?"

"Usiniambie umezeeka mpaka umesahau kazi."

Hapo ndipo mzee alipokaa chini.

Kiwandani kulikuwa na utaratibu ambao hakuupata kwingine kokote. Zamani sana karani mmoja wa masijala alidai kwamba mistari ya rejista yake imekatwa makusudi na mafundi. Msimamizi wa karakana, mtu asiyependa maneno, akatoa amri: kuanzia siku hiyo, vipande vyote vinavyokatwa kwenye kitabu cha serikali vifungwe kwa uzi na kufichwa mgongoni mwa kitabu hichohicho, kati ya kurasa na jalada. Akija mlalamikaji, mgongo unapasuliwa, anaonyeshwa. Mafundi walinung'unika mwezi mmoja, kisha mikono ikazoea.

Lakini hivi vilikuwa vitabu vya kwao binafsi. Je, aliviweka vipande au alivifagia? Mzee hakumbuki. Bi Uzi naye alishona, hakuwepo wakati wa kuvalisha. Kujua ni mpaka kupasua.

Na mgongo wa kitabu cha mzee si wa kupasua hivihivi. Ile nguo ya bluu ilikuwa gauni la mkewe. Alimletea mwenyewe kiwandani, limefuliwa na kupigwa pasi, akamwambia kama unafunga maisha yetu, basi na mimi nionekane kwa nje.

"Nimekarabati migongo elfu na elfu," mzee anasema, mikono bado mapajani. "Huu nimeupiga chenga siku kumi."

Binti yake amesharudi mlangoni, funguo mkononi. Anasimama hapo na mkoba begani. "Mama angekuwa ameshakishika hicho kisu zamani," anasema. "Angekuwa ameshapasua, ameshashona, anakuuliza umekula."

Mzee anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anachukua kisu.

Hapasui katikati. Anapita kwenye mkunjo, pale nguo inapokutana na ubao wa jalada, polepole, ili kitambaa kitoke kizima. Analowanisha kwa sifongo, anasubiri gundi ilegee, analowanisha tena. Dakika ishirini zinapita. Binti amesahau kwamba amechelewa. Nguo inaachia upande mmoja, kisha wa pili, na mzee anaikunjua kama anamfunua mtoto aliyelala.

Chini yake kuna kifurushi chembamba cha karatasi, kimefungwa kwa uzi mweupe wa kushonea vitabu, mafundo mawili.

Mzee anakigusa kwa kidole, halafu anauondoa mkono na kujipangusia macho kwa aproni. "Mikono hii," anasema. "Mimi nimesahau, yenyewe haijasahau."

Vipande ni zaidi ya sitini, kila kimoja upana wa kidole. Anavipanga kwenye shuka, kimoja kimoja. Kwenye cha arobaini na tatu kuna wino wa taipu, nusu ya juu ya tarakimu zote saba na ya mkwaju mmoja, ule mstari wa mshazari. Saa tatu inapita na meza bado ni yake.

Siku mbili baadaye yuko dirishani ubalozini, koti lilelile. Afisa anaweka kipande juu ya barua, anakisogeza kwa ncha ya kalamu hadi kingo zinagusana. Vichwa vinakaa juu ya miguu. Anasoma namba kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, huku akiilinganisha na iliyo kwenye kompyuta. Anapiga picha, anaandika, anagonga muhuri.

"Samahani kwa usumbufu, baba," anasema.

"Usiniombe samahani, binti," mzee anamjibu. "Nilitaka serikali inayouliza maswali. Sikujua tu kwamba itaanza na mimi."

Wiki hii meza ya jikoni ina shuka tena, na juu yake kuna kitabu cha pili, cha jalada la kijani. Kimefika kwa posta kikiwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki na barua fupi: mwanangu alitaka ampe fundi wa hapa, nikamwambia aliyekata ndiye atakayepasua. Bi Uzi, ambaye ubalozi wa huko kwake ulimpa wiki tano, amebakiwa na siku kumi na moja. Mwenyewe yuko kwenye simu, sauti imefunguliwa hadi mwisho, simu imeegeshwa kwenye kopo la sukari.

Mzee anapasua huku akimweleza mipango. Kwao kunasemwa kwamba karakana ya kiwanda, iliyofungwa miaka sita sasa, itafunguliwa upya. Amewaandikia barua: hataki cheo, anataka miezi mitatu na vijana wanane awafundishe kushona, kukata na kutunza kilichokatwa. Nauli ameanza kuiweka. Anataka Bi Uzi aende naye.

"Na mgongo wako umeshaufunga?" Bi Uzi anauliza.

"Bado." Nguo ya bluu imekunjwa vizuri kabatini. Ataivalisha huko kwao, anasema, akishapata kitambulisho kipya cha mstaafu kutoka kwenye ofisi yenyewe, ana kwa ana. Ukurasa wa kitambulisho hicho ameshauacha wazi.

"Kwa hiyo utakwenda kupanga foleni juani, na hiyo presha yako?"

"Nitapanga. Waliniuliza mimi ni nani. Jibu la namna hiyo halitumwi kwa posta, shemeji."

Nguo ya kijani inaachia. Mzee anainua ukingo kwa kidole.

"Shemeji," inasema simu kwenye kopo la sukari. "Mbona umenyamaza? Nimo?"

Mzee anaona uzi mweupe, mafundo mawili.

"Umo," anasema.